Ushauri: Simu haziishi, na daktari ameandika BPD (borderline personality disorder, tatizo la haiba)

SWALI

Wapendwa washauri, assalaam alaykum.

Mimi ni dereva wa trela, nabeba kontena kutoka bandari ya Mombasa hadi Malaba. Nyumbani nina mke na mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Mke wangu nampenda, na akiwa ametulia hakuna mwenye moyo kama wake. Shida huanza nikitoka.

Nikipita mahali pasipo na mtandao, au nikiwa kwenye foleni ya mzani na simu iko kwenye chaji, nikija kuishika nakuta amepiga mara thelathini, arobaini, na ujumbe wa sauti juu yake. Wa kwanza huwa "Baba watoto, umefika wapi?" Wa katikati, "Basi kaa na huyo mwanamke wako." Wa mwisho analia na kuomba msamaha. Mwanamke mwingine sina. Nikichoka sana nazima simu mpaka kesho yake.

Mwaka huu nimerudi mara mbili nikakuta amejikata mkononi. Anasema hakutaka kufa, alitaka moyo utulie tu. Lakini pia ameshaniambia, "Ukiniacha nitajiua." Nami siku moja, kwa hasira, nilimwambia nitampa talaka yake.

Mama yangu anasema ni jini mahaba. Binamu wa mke wangu amenitumia video zinazosema mke wangu ana mfungamano wa wasiwasi, mimi ni mkwepaji, na wawili wa aina hiyo hawadumu. Nilimpeleka kwa daktari mmoja wa kibinafsi. Baada ya robo saa akaandika "BPD" na kumpa dawa aina tatu, bila maelezo.

Ninachojua ni kwamba mama yake alikwenda Jeddah kufanya kazi za nyumbani yeye akiwa na miezi minane, akalelewa na nyanya yake mpaka darasa la tatu. Mama aliporudi alikuja na baba wa kambo, na huyo alikuwa akimpiga.

Je, hii ni mfungamano au ni BPD? Inatibika? Nifanye nini anaposema atajiua? Na mtoto wangu je?

Dereva, Mombasa

JIBU

Wa alaykum salaam, ndugu yetu.

Tuanze na huo mkono, maana mengine yote yanaweza kungoja wiki moja na hilo haliwezi. Mke wako akikuambia hakutaka kufa, mwamini. Wako watu wengi wanaojijeruhi ili kushusha maumivu ya moyo yaliyopanda ghafla. Maumivu hushuka kwa muda mfupi, na ndiyo sababu jambo lenyewe hurudiwa. Hata hivyo, anayejijeruhi leo bila nia ya kufa yuko karibu zaidi na hatari ya kujiua siku nyingine kuliko mtu ambaye hajawahi kujijeruhi. Kwa hiyo usilipime jambo hili kwa ukubwa wa jeraha, wala usikubali mtu aseme "anataka kuangaliwa tu".

Muulize. Keti naye siku ambayo hamjagombana, mtoto amelala, umwambie kwa maneno yasiyozunguka: "Unaposema utajiua, unafikiria kufa kweli, au unataka maumivu yaishe? Umeshapanga utafanyaje? Leo hali ikoje?" Kumuuliza mtu habari za kujiua hakumpandikizi wazo hilo. Wengi hupata nafuu kwa kuona kwamba kuna mtu aliyeweza kulisikia bila kukimbia.

Ikiwa ana mpango, au ana nia ya usiku huohuo, asiachwe peke yake hata akisema yamekwisha. Apelekwe hospitali: Mombasa mnayo Coast General, na kitengo cha afya ya akili kiko Port Reitz. Ukiwa barabarani wewe huwezi kumkinga kwa simu, kwa hiyo kabla hujawasha gari lazima ajulikane jirani au ndugu aliye dakika chache kutoka mlangoni kwenu, anayejua hali ilivyo na aliyekubali kuamshwa usiku. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bila malipo. Familia nyingi zimekuwa zikificha mambo haya kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hofu hiyo isiwacheleweshe.

Kisha andikeni karatasi moja, kwa mwandiko wake yeye. Juu kabisa aandike dalili zinazomwonyesha kwamba hali inaanza kupanda. Kwa mwingine ni mikono kutetemeka, kwa mwingine ni kufungua WhatsApp kila dakika kutazama mara ya mwisho ulipokuwa hewani. Chini yake, mambo mawili matatu anayoweza kuyafanya peke yake. Halafu mtu wa kwenda kukaa naye bila kulazimika kueleza lolote, mtu wa kumwambia ukweli wote, na namba za hospitali. Mwisho kabisa, vitu vya hatari viondoke karibu naye: dawa zikae kwa mtu mwingine, na daktari aombwe atoe za wiki moja au mbili badala ya mwezi mzima. Kila mmoja wenu awe na picha ya karatasi hiyo kwenye simu.

Katika yale ya kufanya peke yake, mojawapo ni la mwili na linafanya kazi haraka. Ajaze beseni maji baridi, yakiwa na barafu kidogo ni bora zaidi, avute pumzi, aizuie, na azamishe uso mpaka juu ya macho kwa sekunde 15 hadi 30. Mwili huitikia kwa kupunguza mapigo ya moyo. Arudie mara mbili au tatu, kisha apumue taratibu: kuvuta kwa hesabu ya nne, kutoa kwa hesabu ya sita au nane, kwa dakika tano. Mwenye ugonjwa wa moyo asitumie njia ya maji bila kumuuliza daktari. Wengi hushindwa kwa sababu huijaribu mara ya kwanza siku hali imeshachafuka. Afanye mazoezi siku za utulivu, mkono uzoee njia ya kwenda kwenye beseni.

Sasa majina. Umeuliza kama ni mfungamano au BPD, lakini hivi si vitu viwili vya kuchagua kimoja.

Elimu ya mfungamano inahusu namna mtoto anavyomtegemea mlezi wake ili ajihisi salama, na namna mazoea hayo yanavyomfuata ukubwani. Msingi wake uliwekwa na daktari wa akili wa Uingereza, John Bowlby, lakini uchunguzi wa kwanza wa majumbani ulifanyika huku kwetu. Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954, akazifuatilia familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akizitembelea takriban kila wiki mbili na kukaa saa mbili hivi kila mara. Baadaye, huko Baltimore, Marekani, alitengeneza kipimo cha dakika 20 hivi ambapo mama hutoka chumbani na kurudi, na kinachoangaliwa zaidi ni mtoto anampokeaje mama. Wapo wanaomkimbilia, wakatulizika, wakarudi kucheza. Wapo wanaojifanya hawakumwona. Wapo wanaomng'ang'ania huku wakimsukuma kwa hasira, wasitulizike. Aina ya nne iliongezwa na Mary Main na Judith Solomon: mtoto anayemtaka mlezi na kumwogopa kwa wakati mmoja, anasogea halafu anaganda katikati ya chumba.

Kwa watu wazima, kuanzia utafiti wa Cindy Hazan na Phillip Shaver wa mwaka 1987, watafiti wameyahamishia haya kwenye mapenzi. Siku hizi hupima mambo mawili kwa kiwango: mtu ana wasiwasi kiasi gani wa kuachwa, na anakwepa ukaribu kiasi gani. Kila mmoja wetu ana alama fulani katika yote mawili, na alama hizo hupanda na kushuka kulingana na mtu uliye naye na mnavyoishi. Si ugonjwa. Video za binamu zimepatia jambo moja: mmoja akikimbiza na mwingine akikimbia, kila mmoja humzidisha mwenzake. Zinakosea zinapowatia kwenye mafungu yasiyobadilika na kuwahukumu kwamba hamtadumu. Kuzima simu ni tendo, ndugu yetu, na tendo linabadilishwa.

BPD ni jambo jingine. Ni tatizo la haiba, yaani la namna mtu anavyojiona, anavyohisi na anavyohusiana na wengine, linalotambuliwa na daktari kwa vigezo tisa: kuhangaika kupita kiasi ili asiachwe, mahusiano yanayoruka kutoka kumwona mtu malaika hadi kumwona adui, kutojijua yeye ni nani, pupa inayomdhuru, kama matumizi ya pesa au pombe, kujijeruhi au kutishia kujiua, hisia zinazogeuka ndani ya saa chache, utupu wa ndani usiokwisha, hasira isiyolingana na kisa, na, akibanwa sana, dhana mbaya za kupita au kujihisi hayupo mwilini mwake. Vinatakiwa visivyopungua vitano, viwe vimeanza ujanani na vionekane sehemu nyingi za maisha. Kwa hesabu hiyo kuna michanganyiko 256 ya kuupata utambuzi huu, ndiyo maana wawili wenye jina moja la ugonjwa wanaweza wasifanane.

Katika barua yako tumeona vigezo vitatu hivi, labda vinne, na vyote viko ndani ya ndoa. Hatuwezi kutoka hapo tukasema anao au hana. Robo saa pia haitoshi. Daktari makini angeuliza: anaishije na ndugu, na marafiki, na wenzake wa kazini? Hali ilikuwaje kabla hajaolewa? Je, ilianza baada ya kujifungua, ikawa ni sonona ya uzazi iliyoachwa bila kutibiwa? Je, hupita siku nne, tano au zaidi akilala saa chache tu bila kuchoka, maneno na mipango vikimwagika? Hiyo ingeelekeza kwenye ugonjwa wa hisia za mizunguko (bipolar), ambao tiba yake ni tofauti. Je, hushtuka na kuota ndoto za kipigo cha baba wa kambo? Yote haya hufanana na BPD kwa nje, na huweza kukaa nayo pamoja.

Liko swali moja zaidi, na tunakuuliza wewe kwa heshima. Umesema huna mwanamke mwingine. Je, kuna jambo jingine unalolificha moyoni mwako ambalo yeye amelinusa? Umewahi kumwinulia mkono? Hofu ya mtu anayedanganywa au kupigwa haiponi kwa tiba ya haiba. Kama jibu ni hapana, endelea kusoma. Kama ni ndiyo, anza na hilo.

Kuhusu Jeddah. Mabinti wengi wa pwani wamekulia kwa nyanya zao huku mama wakitafuta riziki Ghuba, na wengi wao hawakupata tatizo hili. Hata Ainsworth aliwaona Uganda watoto waliotunzwa na watu kadhaa wakiwa na mfungamano mzuri na mama zao. Mtoto anaweza kushikamana salama na nyanya. Kinachoumiza zaidi, kwa maoni yetu, ni kuvunjwa mara mbili: mama kuondoka, kisha kung'olewa kwa nyanya akiwa darasa la tatu na kupelekwa kwa mama asiyemjua, nyumbani kwa mtu anayempiga. Kipigo na dhuluma za utotoni huonekana mara nyingi katika historia za wenye BPD. Lakini tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba urithi nao una sehemu kubwa, karibu nusu. Wengi wenye BPD wana mfungamano wa wasiwasi au wa hofu, ila kinyume chake si kweli: katika tafiti za nchi za Magharibi karibu watoto wanne kati ya kumi hawana mfungamano salama, na BPD huwapata mtu mzima mmoja au wawili hivi katika mia. Kwa hiyo usimpelekee mama mkwe mashtaka. Alikwenda kutafuta ada ya shule na chakula.

Tuje kwenye simu, kwa maana hapo ndipo ulipo na nguvu ya kubadilisha kitu wiki hii.

Tazama kinachotokea. Anapiga mara ya kwanza, hupokei. Ya kumi, hupokei. Ya thelathini na tano unapokea, kwa hasira, na sauti yako, hata ya ukali, inamshusha hofu. Mwili wake umejifunza kwamba simu thelathini na tano ndizo zinazofanya kazi. Kesho ukizima kabisa, mwili wake unajifunza mengine: kwamba ukimya wako hauna mwisho unaojulikana. Jibu la kubahatisha ndilo linalokuza tabia ya kupiga kuliko jibu la kila mara, na kuliko kutojibiwa kabisa.

Dawa yake ni ratiba. Kaeni pamoja muichague: kwa mfano, unapiga kabla ya kuondoka bandarini, ukishapita mzani wa Mariakani, ukifika Mtito Andei, na usiku ukishaegesha. Siku ya pili vilevile, iwe Salgaa, iwe Malaba. Weka nafasi badala ya dakika kamili, "kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni", kwa sababu foleni za barabara ile unazijua. Panapokatika mtandao mtaje mapema, utakapoingia na utakapotoka. Usipokee ukiwa unaendesha. Hilo ni la uhai wako na wa wengine. Ukiona umechelewa kituo, tuma ujumbe mfupi wa kawaida, si WhatsApp, kwani huo hupita hata mtandao ukiwa dhaifu. Ahadi chache ulizotimiza zote zinamfaa kuliko nyingi ulizotimiza nusu.

Simu za kati ya kituo na kituo usizipokee, ila ya kwanza ijibu, ukiwa umesimama, kwa ujumbe mmoja uliouandika tayari: "Nimeona simu yako. Niko barabarani, niko salama. Nakupigia Mtito." Baada ya hapo kimya mpaka Mtito, na Mtito upige kweli. Siku za mwanzo, pengine wiki mbili tatu, simu zitaongezeka badala ya kupungua. Hilo linatarajiwa. Ukilegea katika kilele hicho ukapokea ya hamsini, umepandisha bei. Karatasi ya usalama na yule jirani wawe tayari kabla hujaanza, maana ratiba hii haihusu siku anayosema anataka kufa. Siku hiyo, egesha mahali salama na upige: kwanza kwa jirani, kisha kwake.

Maneno nayo yana uzito. "Acha wazimu" na "unazidisha" humwambia kwamba anachokihisi si kweli, naye atapaza sauti mpaka usadiki. "Sawa, nisamehe, nimekosa" wakati hukukosa ni uongo unaothibitisha kwamba kweli kuna mwanamke. Kubali hofu, usikubali shutuma: "Najua tangu saa nne hujanisikia, na kungoja bila kujua kunakuumiza. Mwanamke sina. Sasa niko Mtito, nina dakika ishirini, niambie siku yako ilikuwaje." Sehemu ya kwanza isemwe kwanza. Ukianza na kujitetea hataisikia iliyobaki.

Mkigombana ana kwa ana na ukahisi unataka kutoka, toka, lakini taja saa ya kurudi: "Nahitaji nusu saa, narudi saa tatu na nusu tulimalize." Rudi saa tatu na nusu hata kama bado umekasirika. Kuondoka bila saa ya kurudi, kwake, ni kuachwa. Na lile neno la talaka usilitaje tena ndani ya ugomvi. Uzito wake kisheria na kidini unaujua. Kwa mtu anayeishi akingoja kuachwa, linakuwa uthibitisho ambao hata upole wa mwezi mzima haulifuti. Ikifika siku umeamua kweli kuachana, hilo ni haki yako na halikufanyi mbaya. Litafanyika mchana, kwa utulivu, ndugu zake wakiwepo na daktari akijua.

Mtoto. Mtoto wa miaka mitatu anaona yote na hujiona ndiye sababu ya yote. Anahitaji kuambiwa kwa sentensi fupi: "Mama ana huzuni, si kosa lako, nyanya atakaa nawe mpaka atulie." Asiuone mkono uliojeruhiwa ukiwa wazi, wala asifanywe mlinzi wa mama. Ukiondoka safari usinyatie alfajiri ili asilie. Muage, mwambie utarudi baada ya kulala mara ngapi, alie mbele yako. Ukirudi, yeye kwanza, dakika kumi za mazungumzo kabla ya mizigo. Mama akimkaripia vikali katika hali yake ile kisha akatulia, arudi kwake amwambie, "Nilikupigia kelele, ilikuwa hasira yangu." Kurekebisha huko ndiko kunakomjenga mtoto, kuliko kutafuta mama asiyekosea. Na anayetibiwa anaweza kabisa kuwa mama mzuri.

Mama yako na jini mahaba: usigombane naye. Dua na kusomewa Qur'ani havikatazi hospitali, na kama mke wako hutulizika navyo, vizuri. Kataa kupigwa, kufungwa, kunyimwa chakula, kufukizwa chumba kimefungwa, na yeyote anayesema dawa za hospitali ziachwe.

Inatibika? Ndiyo, na vizuri kuliko sifa yake mbaya inavyosema. Mary Zanarini na wenzake katika Hospitali ya McLean, Marekani, waliwafuatilia wagonjwa 290 wa BPD waliokuwa wamelazwa. Katika miaka kumi, asilimia 93 walipitisha kipindi cha angalau miaka miwili wakiwa hawatimizi tena vigezo. Kazi na mahusiano hurudi polepole zaidi: nusu hivi ndio waliopata pia maisha imara ya kazi na ya watu. Kilicho cha haraka kuondoka ni kujijeruhi na pupa. Hofu ya kuachwa na utupu huchelewa.

Tiba yenyewe ni mazungumzo yenye mpangilio. Inayojulikana zaidi ni DBT (dialectical behaviour therapy) ya mwanasaikolojia Marsha Linehan: kwa mwaka mmoja, kikao cha mtu binafsi kila wiki na darasa la stadi la saa mbili hivi kila wiki. Stadi zenyewe ni nne: kuwa makini na sasa, kuvumilia dhiki, kuongoza hisia, na kuomba au kukataa bila kuvunja uhusiano. Ukiikosa kwa ukamilifu wake Mombasa, usikate tamaa. Mwaka 2009 huko Toronto, Shelley McMain na wenzake walilinganisha DBT na matunzo ya kawaida ya akili yaliyopangwa vizuri, kwa watu 180 na kwa mwaka mzima. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa na hakukuwa na tofauti ya maana. Kwa hiyo tafuteni mwanasaikolojia mmoja anayelijua tatizo hili, anayeweza kumwona kila wiki siku ileile, na msimbadilishe kila mwezi. Mwulizeni kwenye kikao cha kwanza: Umewahi kutibu watu wanaojijeruhi? Tutafanyaje kati ya kikao na kikao akizidiwa? Tutajuaje baada ya miezi mitatu kwamba tunasonga? Asiye na jibu la swali la pili si wa kumkabidhi.

Kuhusu dawa tatu, hakuna iliyoidhinishwa mahususi kwa BPD. Dawa husaidia pale kuna sonona au tatizo jingine pembeni, au kwa siku chache za dharura. Asiziache ghafla, kwani baadhi huleta madhara zikikatwa. Mpeleke Port Reitz au kwa daktari mwingine wa magonjwa ya akili, na vifurushi vyote mkononi, mpate maoni ya pili. Kwa kila kimoja uliza: hii inatibu nini, kwa muda gani, na tutaiondoaje? Kama mojawapo ni ya jamii ya diazepamu, yaani dawa za kutuliza wasiwasi, uliza kwa msisitizo, maana huzoeleka haraka na kwa baadhi ya wenye BPD hulegeza breki za kujizuia. Kama mojawapo ni valproeti, ambayo pia ni dawa ya kifafa, mwambie daktari siku hiyohiyo kwamba mke wako bado anaweza kushika mimba, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumdhuru sana mtoto aliye tumboni. Kama kuna uwezekano kwamba tayari ni mjamzito, apimwe kabla hamjaondoka kliniki.